Ndoano Zisizopotea

Dayton, Ohio
2 Februari 1987

Tressie mwanangu,

Pokea salamu zangu, na za shangazi yako Winona, na za Ferrell mumewe, ambaye hajui kwamba nimezituma kwa sababu macho yake yako kwenye televisheni. Huku theluji imepanda mpaka dirishani. Nyumba yao wanaipasha moto kama tanuri la mikate, kisha wananiuliza kwa nini nahema. Mdogo wangu anapika mboga bila hata kipande cha nyama ya nguruwe, eti kwa ajili ya moyo. Moyo wangu hauna neno. Ni nyonga tu, nayo inaunga vizuri. Daktari ameridhika.

Hoyt fundi aliniandikia kwenye kadi ya Krismasi kwamba ameshaziba mashua na injini inaunguruma kama mpya. Basi. Miaka yote mimi ndiye niliyewapeleka wageni kuvua kwenye Ziwa la Mitchell, na wewe umekaa nyuma yangu ukishika wavu. Mwaka huu usukani ni wako. Kuhusu lile gogo la Novemba, lilikuwa gogo kwenye ukungu, tumeshalisema, limepita.

Sasa kazi. Najua unajua, lakini nitasema, maana nikinyamaza Winona ananiletea sindano nifume. Mwezi huu samaki wetu, besi wa madoa, wako chini kabisa, kwenye ule ukuta wa mwamba mkabala na kivuko cha zamani. Ndugu yao wa mdomo mkubwa anaweza kulala kwenye majani akingoja kuletewa chakula. Madoa hawana tabia hiyo. Wao hutembea makundi, na hupenda jiwe na maji yanayosogea. Funga ile ndoano ndogo yenye kichwa cha madini ya risasi, ya kahawia, uichomeke kipande cha ngozi ya nguruwe. Ishushe mpaka mshipi ulegee, kisha iburute juu ya mawe kama kamba wa mtoni aliyechoka. Ukidhani unaburuta polepole, punguza tena. Samaki hatakugonga. Utasikia tu mshipi umekuwa mzito, kama umenasa jani bichi. Hapo vuta.

Tarehe saba una wale mabwana wawili wa Birmingham. Yule mwenye maneno mengi mpe fimbo ngumu ya kuvulia, asije akaivunja akisimulia. Kisha uniandikie samaki walikula nini, kina gani, na mwamba ulikuwa kivulini au juani. Niandikie hata kama mmekosa.

Shangazi yako,
Oveta


Mitchell, Alabama
12 Februari 1987

Shangazi Oveta,

Barua yako ilifika Ijumaa iliyopita na niliisoma nikiwa nimesimama dukani kwa Hoyt. Sisi huku wazima. Mbwa wako bado analala mlangoni kwako, nikimwita kwangu anakuja, anakula, anarudi zake. Kanisani wamebadilisha mpiga kinanda, na huyu mpya anakimbia, waimbaji wanamfuata nyuma kama watu waliochelewa basi. Mvua imenyesha wiki nzima.

Wale mabwana wa Birmingham niliwapeleka. Tulikwenda kwenye ukuta wa mwamba. Tulitumia ile ndogo ya kahawia na ngozi ya nguruwe, na tulivuta polepole kama ulivyosema. Samaki walikula kwenye futi ishirini na tano. Mwamba ulikuwa kivulini. Tulipata sita, na yule wa maneno mengi alifurahi.

Nyonga inakuwezesha kutembea? Hukusema.

Mwanao,
Tressie


Dayton
20 Februari 1987

Tressie,

Sita! Nimemsomea Winona barua yako mara mbili, na Ferrell mara moja kwa nguvu. Winona anakusalimu, anasema ule, ulikuwa umekonda ulipokuja kunisindikiza hospitali. Huku hakuna jipya. Theluji imegeuka tope, tope limegeuka barafu. Jirani ameanguka mbele ya lango lake akavunja mkono. Nilimwona kutoka hapa dirishani.

Maji yakianza kupata joto, madoa watapanda kutoka kwenye ukuta kwenda kwenye pembe za nchi kavu zinazoingia ziwani, hasa zile zenye changarawe. Hapo weka kando ngozi ya nguruwe. Chukua yule samaki wa mbao mwenye ulimi mbele, mwekundu wa rangi ya kamba wa mtoni. Ukimvuta anapiga mbizi. Usimwonee huruma, mwache agonge mawe. Anapogonga jiwe na kuruka pembeni ndipo madoa hushindwa kuvumilia. Kukiwa na upepo, nenda upande unaopigwa na upepo, hata kama wageni watanung'unika. Dagaa husukumwa huko, na madoa huwafuata dagaa.

Maswali mawili. Wale samaki sita walipotapika kwenye tangi la mashua, walitapika nini, dagaa au kamba? Hilo ndilo litakalokwambia ufunge chambo gani kesho yake. La pili, vichwa vya risasi vimebaki vingapi? Ferrell ana vifaa vya kusubu risasi kwenye gereji. Anaweza kunitengenezea nikakutumia, na itamtoa mbele ya televisheni.

Oveta


Mitchell
11 Machi 1987

Shangazi,

Nisamehe kwa kukawia. Salamu za wote wa huku. Mipichi imechanua barabara yote ya Clanton, ukipita na dirisha wazi gari linajaa harufu. Mjukuu wa Hoyt amezaliwa, wamempa jina la Hoyt, kwa hiyo sasa tutakuwa na Hoyt wawili wa kutudanganya bei ya mafuta.

Nimekwenda ziwani mara nne hivi tangu nilipokuandikia. Februari yote kwenye mwamba, sasa tumehamia kwenye changarawe. Samaki mwekundu anafanya kazi vizuri. Tuligonga mawe, walikula. Upande wa upepo, kama ulivyosema. Walitapika dagaa na kamba, vyote viwili.

Vichwa vya risasi usimsumbue Ferrell. Kisanduku bado kimejaa.

Shangazi, wewe ulipoanza kwenda ziwani peke yako ulikuwa na umri gani? Nauliza tu.

Tressie


Dayton
17 Machi 1987

Tressie binti wa kaka yangu,

Winona hajambo, Ferrell hajambo, mimi sijambo, barafu imeyeyuka. Salamu zimekwisha.

Ule ukuta wa mwamba unakula risasi. Hakuna mvuvi, awe baba yako Mungu amrehemu, awe mimi, awe yeyote, aliyewahi kuburuta ndoano juu ya yale mawe akarudi nazo zote. Usipopoteza, hujafika chini. Na kama hujafika chini, Februari hupati madoa. Wewe umekwenda pale Februari nzima, na wageni wasiojua kutupa, na kisanduku bado kimejaa.

Kisha samaki wako wanatii mno. Nikisema mwamba, wako mwambani. Nikisema upepo, wako kwenye upepo. Nimeishi na madoa muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu, na hawajanitii hata wiki moja. Wanahama. Wanakula leo, kesho wanakukodolea macho. Katika barua zako hakuna siku uliyokosa, hakuna mgeni aliyenasa kofia ya mwenzake, hakuna samaki aliyekata mshipi karibu na mashua ukalia. Nimekulea tangu ukiwa na miaka tisa, na hujawahi kunidanganya vibaya namna hii.

Kuna nini? Mashua imeharibika tena? Umeiuza? Unaumwa? Ukiniambia hamna kitu, nitampigia simu Hoyt dukani, hata kama Winona atalalamika.

Na ujue kwamba mgeni wetu Bi Idella Teal atakuja kuvua tarehe kumi na moja Aprili, kama kila mwaka. Ameniandikia, nami nimemjibu aje. Hajakosa Aprili hata moja tangu kabla hajastaafu posta kule Selma.

Shangazi yako


Mitchell
1 Aprili 1987

Shangazi Oveta,

Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Sote wazima huku. Mbwa wako mzima.

Mashua haijaharibika. Imefungwa gatini, Hoyt anaiwasha kila Ijumaa ili betri isife. Sijaingia ndani yake tangu Novemba. Hata mara moja.

Wageni nimewapa mpeleka-wavuvi wa ng'ambo ya ziwa. Niliwaambia injini inatengenezwa. Kutwa nasimama kwa Hoyt nikiuza barafu na minyoo. Kila asubuhi nateremka gatini, naivuta kamba, mashua inakuja mpaka miguuni pangu, halafu naangalia lile pengo la maji kati ya ubao na mashua. Pana kama kiganja. Nashindwa. Naifunga tena, napanda juu, namwambia Hoyt kuna upepo. Hata kukiwa shwari. Naye anaitikia, "Ndiyo, upo upepo."

Wewe ulipigwa na usukani, ukaangukia ndani ya mashua, nyonga ikavunjika. Ulipopata fahamu tayari nilikuwa nimekushika kichwa, na hukuniuliza nilikuwa wapi kabla ya hapo. Nilikuwa chini yake, Shangazi. Gogo lilinirusha majini, mashua ikapita juu yangu, na jaketi la kuokolea likanisukuma juu kwenye upande wa chini wa mashua, likanishikilia hapo. Nilipokuwa nataka kwenda chini ili nitoke, jaketi lilinibana juu. Nilikuwa naona mwanga wa kijani pembeni kabisa, nikiupapasa kwa mkono. Sijui nilitokaje. Nikioga sasa naoga nimesimama, siwezi kujaza maji nikakaa.

Nilitaka kukwambia. Kisha ikaja barua yako ya kwanza, imejaa mwamba na ngozi ya nguruwe, na ulivyosema nisikose kuandika. Nikaandika ulichotaka kusikia.

Tafadhali mwambie Bi Idella asije. Mwambie mimi mgonjwa. Si uongo sana.

Tressie


Dayton
6 Aprili 1987

Tressie mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Sikujua ulikuwa chini ya mashua. Sikujua. Nimeandika neno hilo mara mbili kwa sababu sina jingine.

Nimejaribu kumzuia Bi Idella. Simu yake ya Selma inalia bila jibu. Jirani yake anasema ameshaondoka kwenda kwa binamu yake Montgomery, na kutoka huko atakuja moja kwa moja kwako. Namba ya huyo binamu hakuna anayeijua. Kwa hiyo atakuja, na kofia yake.

Sikulazimishi kuingia kwenye mashua. Soma tena hapo, nisije nikaambiwa nilikulazimisha. Mkalishe kwenye kiti gatini, mpe mnyoo wa mpira wa kijani iliyofifia, mfungie chubwi ndogo ya kuzamisha, atupe kwenye kina cha nguzo za mwisho. Aprili madoa wengine hupita hapo wakitafuta mahali pa kutagia. Atapata mmoja au wawili. Akitaka zaidi, msimulie habari za kanisani mpaka jioni.

Lakini chunga kitu kimoja. Bwawa la juu likifungua mitambo ya umeme, maji yatatembea, na pale gatini mkondo unavuta kuelekea kwenye yale mawe ya kona. Ukisikia king'ora, mwondoe ukingoni. Bi Idella hajui kuogelea.

Nina wasiwasi na wewe. Usiandike tena kitu cha kunifurahisha.

Oveta

*Tressie, ni mimi Winona. Amenipa bahasha niibandike stempu, nami nimeifungua kwa sababu humu ndani hakuna mwingine wa kukwambia. Asikudanganye kuhusu nyonga. Mfupa umeunga tangu Januari. Daktari alimpa fremu ya kutembelea, akamwambia atembee kila siku, hataki. Mimi na Ferrell tunambeba kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha dirishani, na jioni tunamrudisha. Miguu inaisha. Nikimsema ananiambia niende nikapike. Nadhani anaogopa kuanguka. Sijui nifanye nini tena.*


Mitchell
13 Aprili 1987

Shangazi,

Wote wa huku wanakusalimu.

Shangazi Winona aliongeza maneno yake chini ya barua yako. Kama hukujua, sasa umejua, na usimgombeze. Nilipoyasoma nilikasirika mpaka nikaitupa barua chini. Miezi mitatu unaniuliza samaki walitapika nini, na wewe mwenyewe umekaa kwenye kiti unabebwa kama gunia! Unaniambia nimedanganya vibaya. Wewe umedanganya vizuri, basi, hongera.

Nimeacha mstari huo hapo juu kwa sababu uliniambia nisiandike cha kukufurahisha. Sasa nikueleze Jumamosi.

Bi Idella alifika mapema na kofia, na kuku wa kukaanga kwenye kapu, na fimbo nne. Nilimkuta ameshateremka gatini. Nikaona bora niseme tu.

"Bi Idella, mashuani sikupeleki. Naogopa maji."

Akanitazama kuanzia viatu. "Mimi mwenyewe sijui kuogelea."

"Na huogopi?"

"Niogope nini? Sikuja kuogelea."

Nikamkalisha kwenye kiti, nikamfungia mnyoo wa mpira kama ulivyosema. Alipata perege wadogo wa kutosha kumtia hasira. Mapaja ya kuku yalipokwisha akaanza kunisema. "Mwanangu, kutoka Selma mpaka hapa ni mwendo. Perege hata mtaroni kwetu wapo." Mgongo ukamuuma, akaomba akakae kwenye kiti cha mashua, kile chenye egemeo, maana mashua si imefungwa? Nikamshika mkono akaingia. Mimi nikabaki kwenye ubao. Nilihakikisha kamba mbili zote zimefungwa, nikapanda dukani kuchukua barafu.

King'ora kilipolia nilikuwa na mfuko wa barafu mkononi. Nikageuka. Mashua ilikuwa imeshaachana na gati, inazunguka taratibu, na Bi Idella yuko katikati yake anatupa mshipi. Alikuwa amefungua kamba zote mbili kwa sababu, anasema, zilimzuia kutupa upande wa kushoto.

"Tressie!" akaniita, akinipungia kofia. "Hii kitu inakwenda yenyewe!"

Shangazi, nataka uelewe kwamba sikuwa jasiri. Hoyt anasimulia dukani kama vile niliruka. Sikuruka. Nilikimbia ukingoni nikipiga kelele awashe injini, naye ananijibu "Ipi?" Nikaona mkondo umeishika mashua, pua inaelekea kwenye mawe ya kona, na mtu mzima asiyejua kuogelea amesimama anatafuta "ipi". Nikaingia majini nikiwa nalia. Magotini, kiunoni, kifuani, kisha maji yakaniondoa miguu chini, na ile baridi ikanipanda kichwani, na nikaona ule mwanga wa kijani kabisa kama Novemba. Nilipiga kelele ndani ya maji. Nilinywa mengi. Mkono ukagonga ubavu wa mashua nikaushika, lakini sikuweza kujivuta juu, na nilikuwa nahisi miguu yangu inavutwa kwenda chini yake. Hapo ndipo nilipojua nitakufa.

Bi Idella akanikamata kola. Amebeba mifuko ya barua maisha yake yote, akanivuta ndani kwa mkupuo mmoja kama mfuko wa Krismasi.

"Haya, ipi sasa?" akaniuliza.

Ufunguo uliniponyoka mara mbili. Injini ikawaka. Nikaigeuza pua kuelekea mkondo, tukayapita mawe karibu sana, ningeweza kuyagusa, nikaingia nyuma ya ile pembe ya kona ambako maji yametulia. Nikazima. Nikakaa sakafuni.

Halafu Bi Idella akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Na wale je?"

Pale maji yanayokimbia yanapokutana na yaliyotulia, dagaa walikuwa wanaruka. Chini yao madoa wanapiga, maji yanachemka. Mkondo ulikuwa umewaletea chakula mpaka mlangoni. Bi Idella alikuwa bado na mnyoo wa mpira, anautupa katikati yao, nao hawamwangalii hata. Alitaka samaki mwekundu, kwa sababu wewe ulimpa samaki mwekundu mwaka jana. Nikamwambia hapana. Wako juu, wanafukuza kitu cheupe, kinachometa. Nikafungua kisanduku, nikamfungia chambo cheupe cha pangaboi, chenye kibati kinachozunguka, nikamwambia atupe kwenye maji yanayokimbia, sio yaliyotulia, na avute haraka, akimbize kama dagaa aliyeshtuka. Kidole changu kilikuwa kinatoka damu, sijui nilijikata wapi.

Alipata wa kwanza kabla sijamaliza kusema. Akapata na wa pili. Wa tatu alikuwa mkubwa sana, alikwenda chini ya mashua, na nikalazimika kuinama ukingoni na wavu, uso wangu karibu na maji. Nikainama. Mshipi ukakatika akaondoka. Bi Idella alitukana tusi ambalo sikujua kwamba watu wa posta wanalijua.

Niliporudisha mashua gatini nilitapika kwenye maua ya mke wa Hoyt. Jana nilikwenda kanisani. Leo nimeteremka gatini, nimevuta kamba, sikuingia. Nilisimama kwa muda mrefu kuliko siku zote, nikapanda juu. Kesho sijui. Mvulana wa redio anasema kutakuwa na upepo, na safari hii utakuwa upepo wa kweli.

Nijibu kuhusu hiyo fremu.

Tressie


Dayton
21 Aprili 1987

Tressie mwanangu,

Pasaka imepita salama. Winona alipika paja la nguruwe lenye chumvi, akalia, akasema ni kitunguu. Ferrell anakusalimu. Safari hii ameniambia mwenyewe.

Winona nimemgombeza, usinipangie. Halafu nimemshukuru. Lakini amekosea jambo moja, na nitakwambia wewe kwa sababu yeye nikimwambia atalia tena na hatuna kitunguu cha kusingizia.

Siogopi kuanguka. Mwezi wa kwanza daktari alinikalisha akanionyesha picha ya mfupa. Akasema nitatembea. Na fremu, sebuleni, jikoni, kanisani. Nikamwuliza na mashuani? Akacheka kidogo, kijana mzuri, hakuwa na ubaya, akadhani namtania. Alipoona sicheki akaniambia hapana. Nyonga hii haitasimama juu ya kitu kinachoyumba tena, si mwaka huu wala mwakani. Nikaona kama ni hivyo, jikoni kwa Winona nina shida gani ya kufika? Nikakaa.

Nilikwambia nimegundua uongo wako Machi. Niliujua tangu barua ya kwanza. Ziwa la Mitchell mwezi wa Februari baada ya mvua ya wiki nzima ni tope tupu, samaki haoni ndoano, na wewe unaniandikia mwamba na kivuli chake. Niliujua, na niliusoma, nikausoma tena usiku na asubuhi, na nikakujibu nikakuuliza zaidi. Ulikuwa unaniandikia ziwa. Sikuwa na lingine. Nilikaa kimya kwa faida yangu, na wewe huko unasimama na kamba mkononi kila siku. Nimelifikiria sana hilo wiki hii.

Basi sikiliza. Usiingie mashuani kwa ajili yangu. Ukiingia, ingia kwa sababu umetaka. Usipoingia, Hoyt auze mashua na wewe uuze barafu, na hakuna mtu wa ukoo wetu atakayefungua mdomo nikiwa hai. Bi Idella ameniandikia kurasa nne. Anasema mwakani atakuja, na kwamba ulimkatalia samaki mwekundu mbele ya macho yake. Hilo la samaki mwekundu, Tressie, mimi ningempa. Ningempa kwa ukaidi, kwa kuwa mwaka jana alifanya kazi, na tungekaa pale tukiwatazama wakiruka mpaka mitambo ifungwe. Chambo cheupe cha pangaboi sikukufundisha mimi.

Mwezi wa sita Ferrell atanileta kwa gari. Nitakaa kwako kwa muda utakaonivumilia. Sitakuuliza kama umekwenda ziwani. Mbwa atanitosha.

Naiandika barua hii mezani, si dirishani. Kutoka kwenye kiti mpaka mezani, na fremu, imenichukua muda wa Winona kukaanga mayai, na nilitukana njia nzima. Mikono imechoka kuliko miguu, utaona kwenye mwandiko. Sasa inabaki kuipeleka kwenye sanduku la posta nje langoni, kuna ngazi mbili na kipande cha njia. Winona amesimama mlangoni ameshika koti langu kama mtu anayesindikiza maiti. Ferrell amezima televisheni. Anasema nimpe, ataipeleka yeye.

Nimemwambia akae chini.

Shangazi yako,
Oveta